Inveta Inapoigomea Gridi: Kutafuta Chanzo Katika Mfumo wa Sola au Upepo Uliounganishwa na Shirika la Umeme

Inveta ya gridi, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa mkondo mnyoofu (DC) wa paneli au turbini kuwa wa mkondo geu (AC) kama wa shirika, haisukumi hata wati moja nje kabla ya kupima. Inaangalia volteji ya shirika, frikwensi, waya wa ethi (unaokwenda ardhini) na uzima wa nyaya zinazotoka kwenye paneli. Kimojawapo kikivuka mipaka, inagoma. Kwa hiyo ujumbe mwekundu kwenye kioo chake mara nyingi unaeleza ubovu ulio mahali pengine: kwenye kebo nyembamba, kiunganishi kilichoingia maji, mita isiyofaa au laini ya mtaani. Anayekimbilia kununua inveta mpya kabla ya kupima atagomewa na hiyo mpya vilevile.

Usalama kwanza, na hapa hatutaki mzaha. Paneli zikiona jua zina umeme, uzime swichi usizime. Zima breka ya AC kwanza, kisha swichi ya DC, halafu subiri muda ulioandikwa kwenye lebo ya inveta (kwa kawaida dakika 5 au zaidi) ili kapasita zake ziishiwe chaji. Usichomoe kiunganishi cha MC4, kile cha plastiki kinachounganisha kebo za paneli, wakati mkondo unapita. Umeme wa AC hufika sifuri mara 100 kwa sekunde kwenye gridi ya hezi 50, kwa hiyo cheche yake huzimika upesi. Wa DC haufiki sifuri, na cheche yake inaendelea kuwaka hadi plastiki iyeyuke. Tumia multimita ya daraja la usalama la CAT III yenye uwezo wa volti 1000, na ncha zake ziwe nzima. Kuanzia kwenye mita kwenda barabarani ni mali ya shirika, lakiri (muhuri wa mita) usiiguse.

Kabla ya kufungua boksi lolote, soma kumbukumbu za inveta. Andika saa ya kila tukio, namba ya kosa na kipimo kilichorekodiwa, kisha tafuta mpangilio. Kosa linalokuja mchana jua likiwa kali na kutoweka mawingu yakitanda ni volteji kupanda. Linalokuja alfajiri au baada ya mvua na kuisha saa nne asubuhi ni unyevu kwenye nyaya za DC. Linalokuja ovyo, usiku na mchana, huku taa za nyumbani zikififia na kung'aa, linatoka kwenye laini. Kazi hiyo ya dakika chache inaondoa nusu ya dhana.

Umeme wa mtaa umekatika, jua linawaka, nyumba ni giza

Hii si hitilafu. Inveta ya gridi isiyo na betri inatakiwa izime gridi inapokufa, na viwango vya IEC 62116 na IEEE 1547 vinaipa sekunde 2 tu. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: ikilishwa volti 230 kutoka nyumbani, inatoa maelfu ya volti upande wa pili, na fundi aliye juu ya nguzo anaamini laini imekufa. Inveta hujua gridi imeondoka kwa kujaribu kusogeza frikwensi kidogo kidogo. Gridi ikiwepo, frikwensi haisogei. Isipokuwepo, inakimbia hadi kuvuka mpaka na inveta inajizima.

Ukitaka taa gridi ikikatika, unahitaji inveta ya mseto yenye betri na swichi ya kuhamisha inayoitenga nyumba na mtaa kabla ya kuilisha. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ili "kuidanganya" inveta iamini gridi imerudi ni hatari kubwa. Inveta itaanza kusukuma umeme ndani ya jenereta isiyo na pa kuupeleka, volteji itapanda, na kitaungua kimojawapo au vyote viwili.

Gridi imerudi lakini inveta bado inasubiri

Angalia kama kuna namba inayohesabu kurudi nyuma. Kanuni nyingi zinaidai inveta isubiri volteji na frikwensi zitulie kwa muda, mara nyingi sekunde 60 au 300, ndipo iungane. Kwenye laini inayoyumba, hesabu hiyo inaanza upya kila mara na inveta inaweza kushinda siku nzima ikisubiri. Tiba yake iko kwenye laini, wala hairuhusiwi kufupisha muda huo kwa siri kwenye mipangilio.

Inazima mchana kwa volteji kubwa

Lalamiko hili ndilo linaloongoza kwenye mifumo ya nyumbani, na ndilo linalotibiwa vibaya zaidi. Umeme unatembea kutoka penye volteji kubwa kwenda penye ndogo. Ili inveta isukume mkondo kuelekea mtaani, lazima volteji yake iwe juu kidogo kuliko ya mita, na ya mita iwe juu kuliko ya transfoma. Kebo ikiwa nyembamba au ndefu, "kidogo" hicho kinakuwa volti nyingi. Kwenye gridi ya volti 230 mpaka wa kawaida ni asilimia 10 juu, yaani volti 253. Ikiwa mtaa tayari uko kwenye 246, umebakiwa na volti 7 tu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Inveta ya kilowati 5 kwenye fezi moja inatoa takriban ampea 21.7. Tuseme iko mita 40 kutoka kwenye mita ya umeme kwa waya wa shaba wa milimita 4 za mraba. Waya huo una ukinzani wa omu 4.61 kwa kilomita, na mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 80: omu 0.37. Zidisha kwa 21.7 unapata volti 8. Badilisha waya uwe wa milimita 10 za mraba, wenye omu 1.83 kwa kilomita, na kupanda kunashuka hadi volti 3.2. Wakati mwingine ugonjwa wote ni hizo volti 5 za tofauti.

Pima hivi, siku yenye jua kali:

1. Zima inveta. Pima volteji kwenye mita na kwenye temino za AC za inveta. Zinapaswa kulingana, au kupishana kidogo kutokana na vifaa vinavyotumia umeme.
2. Washa inveta, subiri ifikie uzalishaji wa juu, kisha pima sehemu zote mbili tena. Zima hita na vifaa vikubwa ili umeme mwingi uende nje.
3. Linganisha.

Volteji ikiwa kubwa kwenye mita hata inveta ikiwa imezimwa, tatizo ni la shirika. Transfoma imepangwa juu, au majirani wenye sola wameipandisha kwa pamoja. Wapelekee vipimo vyenye saa na tarehe, waombe wabadilishe mpangilio wa transfoma au wasawazishe fezi. Malalamiko yenye jedwali husikilizwa haraka kuliko maneno matupu.

Mita ikiwa sawa lakini inveta iko juu kwa zaidi ya volti 4 au 5, tatizo ni lako: kebo au maungio. Kagua kila temino njiani, maana skrubu moja iliyolegea inaongeza volti na pia inapika plastiki. Iangalie rangi. Plastiki iliyogeuka hudhurungi pembeni mwa skrubu, na shaba iliyopoteza mng'ao ikawa na kivuli cha zambarau, zimeshapata joto kali. Hapo waya unakatwa nyuma hadi shaba safi na temino inabadilishwa, kukaza peke yake hakutoshi. Waya wenye nyuzi laini nyingi unahitaji kubanwa kwenye feruli (kimirija cha chuma cha ncha ya waya) kabla ya kuingizwa, la sivyo nyuzi zinasambaa na kulegea baada ya miezi kadhaa ya joto na baridi.

Ikiwa inapanda kwenye mita pale tu inveta inapozalisha, kebo ya kutoka nguzoni hadi nyumbani haitoshi, au uko mwisho wa laini ndefu. Hapo inveta nyingi za kisasa zina msaada wa kupunguza nguvu taratibu volteji inapopanda, au kunyonya nguvu pofu (ile inayokwenda na kurudi kwenye laini bila kufanya kazi) ili kuishusha. Washa msaada huo kwa idhini ya shirika. Utapoteza uzalishaji kidogo saa sita mchana, lakini ni bora kuliko kuzima kabisa na kusubiri dakika 5 kila mara. Usipandishe mpaka wa volteji kwenye mipangilio. Friji na televisheni yako, na za jirani, ndizo zitakazolipa.

Kuna hali moja ya dharura inayofanana na hii. Volteji ikiruka juu na chini kila unapowasha kifaa kikubwa, fezi moja ikisoma 180 na nyingine 260, nyutro imelegea au imekatika. Zima swichi kuu mara moja, ita shirika, usisubiri kesho.

Kosa la frikwensi

Kwanza hakikisha inveta imepangiwa kanuni ya gridi ya nchi husika. Iliyoachwa kwenye mpangilio wa hezi 60 haitaungana kamwe na gridi ya hezi 50, na itasema "hakuna gridi" ingawa multimita inaonyesha volti safi. Mipangilio hiyo mara nyingi hujifunga baada ya saa chache za kwanza za kazi, na kuifungua kunahitaji namba ya siri kutoka kwa mtengenezaji. Ndiyo sababu inapaswa kukaguliwa siku ya kuwasha. Kama kanuni ni sahihi na frikwensi inayumba kweli, gridi ni dhaifu au inalishwa na jenereta ndogo, na hakuna cha kurekebisha upande wako.

Ujumbe wa "uvujaji kwenda ardhini" au "ukinzani mdogo wa insulesheni"

Kila asubuhi kabla ya kuungana, inveta hupima ukinzani kati ya nyaya za DC na ethi. Ukiwa mdogo, inakataa. Umande ukikauka ukinzani unapanda na inveta inaanza kazi, basi watu wanadhani imejiponya. Haijapona, kuna mahali insulesheni imepasuka, na panapasuka zaidi kila msimu. Wahusika wa kawaida ni kebo iliyobanwa kati ya fremu ya paneli na reli, kiunganishi kilichofungwa nusu, kebo iliyolala juu ya bati na kusuguliwa na upepo, na boksi la nyuma ya paneli lililoingia maji. Viunganishi vya watengenezaji tofauti vilivyolazimishwa kuingiana ni wahusika pia. Vinaonekana vimekaa sawa, lakini vipimo vya ndani vinapishana, vinapata joto na kupitisha maji.

Si lazima ufungue paa zima. Chukua msururu wa paneli 10, kila moja ikiwa na volti 40 bila mzigo, jumla 400. Utenganishe na inveta ukiwa umezima kila kitu, kisha pima DC mara tatu: chanya na hasi, chanya na ethi, hasi na ethi. Msururu mzima unaonyesha volti 400 kwenye kipimo cha kwanza, na namba zinazoteremka kuelekea sifuri kwenye viwili vinavyofuata. Ukipata namba zilizotulia, mfano 120 kutoka chanya hadi ethi na 280 kutoka hasi hadi ethi, umeshapaona. Gawanya 120 kwa 40 upate 3: uvujaji uko kati ya paneli ya tatu na ya nne ukihesabu kutoka upande wa chanya. Panda ukague kebo na viunganishi vya hapo. Kipimo cha chanya na ethi kikiwa karibu na sifuri huku hasi ikionyesha 400, kebo ndefu ya chanya inayoshuka ukutani ndiyo mbovu.

Kipimo hiki kifanywe dalili ikiwepo, asubuhi na mapema, au baada ya kunyunyizia paneli maji. Ukikifanya saa saba mchana kila kitu kimekauka, utaambiwa mfumo ni mzima. Baada ya kutengeneza, thibitisha kwa kipimio cha insulesheni: kwa mfumo wa kati ya volti 120 na 500, jaribu kwa volti 500 na usikubali chini ya megaomu 1. Kufunga kiunganishi kibovu kwa utepe wa plastiki si tengenezo. Utepe unahifadhi maji ndani. Kata, weka kipya, jozi ya mtengenezaji mmoja.

RCD (swichi inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini) inaruka

Inveta isiyo na transfoma ndani huvujisha mkondo mdogo kwenda ethi kwa asili yake, kwa sababu paneli na fremu zake zinafanya kazi kama kapasita kubwa. Paa likilowa, mkondo huo unaongezeka. RCD ya miliampea 30 inayolinda soketi za nyumba na inveta kwa pamoja itaruka bila ubovu wowote. Ipe inveta njia yake yenyewe hadi kwenye bodi kuu. Aina ya RCD ichaguliwe kwa maelekezo ya mtengenezaji: inveta inayoweza kuvujisha DC inahitaji aina B, kwa kuwa ile ya kawaida ikipitiwa na DC inaweza kupofuka na isiruke hata mtu akishikwa na umeme.

Breka ya AC inaruka baada ya saa kadhaa

Inayoruka papo hapo inaonyesha shoti. Inayoruka saa saba mchana ni joto. Breka za nyumbani hazikuundwa kubeba mkondo wake kamili kwa saa sita mfululizo, zikiwa zimebanana ndani ya boksi linalopigwa na jua. Chagua breka yenye angalau asilimia 125 ya mkondo wa inveta: kwa ampea 21.7 hiyo ni 27, kwa hiyo 32. Waya nao uwe wa kuhimili breka hiyo. Kuweka breka kubwa kwenye waya mdogo ni kuhamishia moto ukutani.

Unazalisha, lakini bili haishuki

Kwanza, aina ya mita. Mita nyingi za kidijitali ambazo hazijapangwa kwa njia mbili huhesabu umeme unaopita bila kujali mwelekeo, hivyo unatozwa kwa umeme uliowapa wao. Baadhi ya mita za kulipia kabla huona mkondo wa kurudi kama wizi na kukata. Usiwashe usafirishaji kabla mita ya njia mbili haijafungwa, hata kama kila kitu kingine kiko tayari na fundi ana haraka ya kuondoka.

Mita ya njia mbili inazungusha namba kwenye kioo. Kwenye mita nyingi, 1.8.0 ni umeme ulioingia na 2.8.0 ni uliotoka. Mchana wenye jua, zima vifaa vyote vikubwa, soma 2.8.0, subiri dakika 20, soma tena. Kama kilowati 3 zinatoka, lazima iongezeke uniti 1. Ikipanda 1.8.0 badala yake, mita imepangwa au imefungwa vibaya, na picha mbili zenye saa zinatosha kufungua malalamiko.

Kwenye nyumba ya fezi tatu yenye inveta ya fezi moja, uliza shirika kama mita inajumlisha fezi zote au inahesabu kila moja peke yake. Ikihesabu peke yake, unauza kwenye fezi moja kwa bei ndogo huku ukinunua kwenye mbili kwa bei kamili. Hamishia mizigo ya mchana kwenye fezi ya inveta.

Kisha kuna koili ya kupimia mkondo, ile inayobana waya mkuu na kuiambia inveta nyumba inatumia kiasi gani. Ikigeuzwa, inveta iliyokatazwa kusafirisha inaweza kufungulia nguvu zote au kujiminya hadi sifuri. Jaribio lake: zima inveta upande wa paneli pekee ili kioo kibaki hai, washa hita ya kilowati 2. Kioo kionyeshe kuingia kwa kilowati 2. Kikionyesha kutoka, geuza koili. Kikionyesha sifuri, imebana fezi nyingine, au imebana fezi na nyutro pamoja, nazo zinafutana.

Ombi la kuunganishwa limerudishwa

Sababu hujirudia: mchoro wa laini moja (ramani rahisi ya mfumo mzima wa umeme) hauonyeshi swichi ya kutenga ambayo fundi wa shirika anaweza kuifikia na kuifunga kwa kufuli, cheti cha inveta ni cha modeli nyingine ya familia hiyohiyo, jumla ya kilowati kwenye fomu haifanani na iliyo ukutani, lebo za onyo hazipo kwenye bodi na kwenye mita. Namba ya modeli iandikwe kama ilivyo kwenye kibao cha chuma ubavuni mwa inveta, herufi kwa herufi.

Upande wa upepo

Turbini ndogo inatoa AC ya fezi tatu isiyo na frikwensi maalumu, inapita kwenye rektifaya kuwa DC, kisha inaingia kwenye inveta. Tofauti kubwa na sola ni hii: paneli ikikosa mzigo inatulia, turbini ikikosa mzigo inakimbia. Gridi ikikatika wakati wa upepo mkali na inveta ikajizima kama inavyotakiwa, mbawa zinaongeza kasi na volteji inapanda hadi kuua inveta. Inveta ikifa mara mbili kwa volteji ya DC kubwa, usinunue ya tatu kabla ya kukagua rezista ya kumwagia nguvu, ile inayogeuza umeme wa ziada kuwa joto turbini inapokosa mzigo. Lazima ibebe nguvu yote ya turbini bila kikomo cha muda: kwa kilowati 3 kwenye volti 300, omu 30 au pungufu kidogo, nayo ikae mbali na chochote kinachoshika moto.

Inazunguka vizuri lakini haisafirishi? Linganisha volteji ya DC na ile ya kuanzia ya inveta, kisha angalia mkunjo wa nguvu uliopangwa, yaani kiasi cha nguvu ambacho inveta inadai kwa kila kiwango cha volteji. Nguvu ya upepo hukua kwa mchemraba wa kasi. Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu inakuwa mara 8. Mkunjo unaodai nguvu nyingi mapema unazikaba mbawa kabla hazijashika kasi, na zinabaki zikijikokota hata upepo ukiwa mzuri.

Inajikokota hata ikitenganishwa na inveta? Kuna shoti: swichi ya breki imebaki imefungwa, diodi ya rektifaya imekufa, au kebo imejisokota ndani ya mnara hadi ikachubuka. Inanguruma na kutetemesha mnara? Fezi moja imekatika. Siku isiyo na upepo, ukiwa umefunga mbawa kwa kamba, pima ukinzani kati ya kila jozi ya nyaya tatu. Namba zote zilingane, na jozi mbili zikionyesha njia iliyokatika, waya ulio kwenye jozi zote mbili ndio mbovu. Fuatilia kwanza brashi na pete za kichwani pa mnara. Breki ya kushotisha fezi ifungwe upepo ukiwa mdogo tu. Ikifungwa turbini ikiwa kwenye kasi kubwa, joto lote linaishia kwenye koili za jenereta.